Runx imesoma P0705, fundi anataka nibadilishe gia boksi nzima. Mimi nasema ni umeme

#1 Ngosha wa Nyakato

Wakuu, salaam.

Nina Toyota Runx ya 2003, injini 1NZ-FE, gia boksi otomatiki ya gia nne (U340E). Gia boksi yenyewe haitelezi, haina kelele, haidroliki (mafuta ya gia boksi) bado nyekundu na hainuki kuungua. Tatizo lilianza polepole. Kwanza taa ya R kwenye dashibodi ikawa inawaka pamoja na P gari ikiwa imesimama. Baadaye taa ya injini nayo ikawaka. Kuna siku nikiwa D inabadilisha gia kwa kishindo, nikizima na kuwasha inatulia. Na asubuhi mara mojamoja naweka P, napiga stata, kimya. Nikivuta leva hadi N inawaka.

Nimepima kwa mashine, imesoma namba ya kosa P0705 peke yake. Fundi akafunga swichi ya nyutro (ile inayosoma leva iko wapi) ya mtumba, ikatulia, kisha yakarudi yaleyale. Sasa anasema gia boksi imekwisha, nitafute nyingine. Nimekataa. Gia boksi iliyokufa inawashaje taa mbili kwa pamoja kwenye dashibodi? Wenye uzoefu na umeme wa magari, mngeanzia wapi: swichi, waya au kontroboksi (kompyuta ya gari)?

#2 Kijana wa Buguruni

Ngosha usiuze ng'ombe kwanza. Nakaa hapa pembeni nisome.

#3 Mzee Gia

P0705 ni solenoidi za gia boksi, zile vali za umeme za kubadilishia gia. Shusha sampo (beseni la mafuta chini ya gia boksi), osha chujio, badilisha solenoidi. Hicho kishindo cha gia ndiyo dalili yake.

#4 Spana ya Kumi

#3 hapana mzee wangu, tusimfungulishe mtu sampo bure. Solenoidi za kubadilishia gia zina familia yake, kuanzia P0750. P0705 ni saketi ya swichi inayoiambia kontroboksi leva iko wapi: P, R, N, D, 2 au L. Jirani zake ni P0706, taarifa haziendani na hali ya gari. P0707, umeme wa saketi hiyo uko chini. Na P0708, uko juu.

Kishindo kinaeleweka bila solenoidi kuhusika. Kontroboksi isipojua leva iko wapi haithubutu kubadilisha gia kwa ulaini, inajihami.

Sasa mwenye uzi shika hili. Kwenye Toyota za umri huo, P0705 hutoka pale kontroboksi inapoona nafasi mbili au zaidi zina umeme kwa wakati mmoja. Waya uliokatika unapoteza taarifa, hauongezi. Kwa hiyo usihangaike na waya uliokatika, tafuta umeme uliopita njia isiyo yake. Hiyo R inayowaka juu ya P ndiyo ushahidi wako.

#5 Mama Nasra

Yangu ni Allex, ndugu wa damu wa Runx. Ilianza hivyohivyo baada ya vijana kuiosha injini kwa maji ya presha. Swichi iko nje ya gia boksi, chini ya eneo la betri, kwa hiyo maji na tindikali ya betri vyote vinashukia hapo. Konekta ilikuwa na kutu ya kijani kwenye pini. Fundi akaifungua swichi yenyewe, ndani grisi imegeuka tope jeusi lenye unga wa shaba. Tope hilo linapitisha umeme kutoka kibao kimoja hadi kingine. Akasafisha, akapaka grisi ya umeme, akafunga. Haijarudi tena.

Swichi ya mtumba ni kununua tope la mtu mwingine. Ifungue hiyo uliyofungiwa.

#6 Mdau wa Kirinyaga Road

Niko Nairobi, kazi yangu ni hizi gari za Japani kila siku. Mama Nasra #5 ako sawa, lakini nauliza jambo moja: huyo fundi aliilinganisha hiyo swichi ama aliikaza tu? Ukilegeza boliti zake mbili, inazunguka. Unaweka leva N, unalinganisha mfereji wa kitovu na mstari wa N uliochorwa kwenye mwili wa swichi, halafu unakaza. Ikikaa imepinda kidogo, kigusio cha ndani kinakanyaga vibao viwili. Ndiyo P na R zinawaka pamoja, maanake zimekaa bega kwa bega.

Angalia pia kebo ya leva. Ile bushi ya plastiki upande wa gia boksi ikila, leva ya ndani inasema P na mkono wa gia boksi haujafika P. Umeme wa stata unapita kwenye hiyohiyo swichi, kwa P na N tu. Ndiyo sababu P inakataa na N inakubali. Hakuna maajabu hapo.

#7 Ngosha wa Nyakato

Shukrani wote. #6, aliilinganisha kwa macho, mstari niliuona mwenyewe umekaa sawa. Bushi ina uchezo kidogo sana. #2 ng'ombe wapo salama.

#8 Umeme Mdogo

Ngosha, kabla hujafungua kitu chochote nijibu haya. R inawaka wakati gani hasa? Ukiwasha swichi ya ufunguo tu? Ukikanyaga breki? Usiku taa zikiwa zimewaka? Ukipiga indiketa? Na je, gari imewahi kufungwa kamera ya nyuma, redio ya skrini, alamu au kifaa cha kufuatilia gari?

#9 Kijana wa Buguruni

Maswali ya daktari haya.

#10 Ngosha wa Nyakato

#8 nimetoka kujaribu sasa hivi. Ufunguo umewashwa, leva P, mguu nje ya breki: P peke yake. Nikikanyaga breki, R inawaka, si kwa nguvu kama P lakini inaonekana. Nikiachia, inazima. Nimerudia, mara nyingi inafanya, mara chache haifanyi. Kamera ya nyuma ipo, ilifungwa pamoja na redio, tatizo likaja muda mrefu baadaye.

#11 Umeme Mdogo

Basi swichi ya nyutro iweke pembeni kwanza. Breki haina uhusiano nayo hata kidogo. Uhusiano wao uko nyuma ya gari.

Waya wa R ukitoka kwenye swichi unagawanyika: unakwenda dashibodi, unakwenda kontroboksi, na unakwenda taa za rivasi. Ni waya uleule. Sasa chukua taa ya nyuma ambayo breki na rivasi zinatumia ethi moja (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi). Ethi hiyo ikioza, umeme wa breki ukishapita kwenye glopu yake unakosa pa kushukia. Unatafuta njia nyingine: unapanda kinyumenyume kupitia uzi wa glopu ya rivasi, unaingia kwenye waya wa R, unakuja mbele. Kontroboksi inaona P na R zina umeme. P0705.

Na kuna mtego uliompoteza fundi wako. Leva ina kufuli, haitoki P mpaka ukanyage breki. Kwa hiyo kila mkigusa leva mguu uko kwenye breki, mnaona R, mnalaumu swichi.

#12 Mwalimu wa Fizikia Iringa

#11 nadharia nzuri lakini hesabu inakataa. Waya wa R unaunganisha taa za rivasi mbili, kushoto na kulia. Umeme ukipanda kupitia glopu ya kushoto unashuka kwenye ethi kupitia ya kulia, ambayo ni nzima. Hapo una glopu tatu mfululizo: breki ya kushoto, rivasi ya kushoto, rivasi ya kulia. Zote za wati 21, betri ya volti 12, kila moja inakula volti 4. Kwa hiyo waya wa R una volti 4 tu. Sidhani kama kontroboksi itaihesabu kuwa ni R, na ile ya dashibodi itawaka kwa unyonge.

#13 Spana ya Kumi

Mwalimu, na kama glopu ya rivasi ya kulia imekatika? Mlango wa kushukia umefungwa. Waya wa R unaning'inia na karibu volti zote 12.

#14 Mwalimu wa Fizikia Iringa

#13 hapo nakubaliana nawe moja kwa moja. Ngosha kaangalie rivasi ya kulia.

#15 Mswahili wa Maskati

Salaam kutoka Maskati. Nafuata uzi huu kwa raha. Mimi ninalo Yukon la Kimarekani, nalo lina mpango mwingine kabisa. Kontroboksi inatuma volti 12 kwenye waya nne, wameziita A, B, C na P, na swichi inazishusha chini kwa kuziunga na ethi. Kila nafasi ya leva ina mchanganyiko wake. Mfano kwenye Park, A na P ziko chini, B na C ziko juu. Kwenye Reverse, A na B chini, C na P juu.

Uzuri wake ni huu: idadi ya waya zilizoshuka siku zote ni shufwa, ama mbili ama nne. Waya mmoja ukikatika au ukigusa bodi, idadi inakuwa witiri, na kontroboksi inajua papo hapo kwamba taarifa si ya kweli. Nilipopata taabu kama hiyo fundi alikaa na jedwali na multimita, akasogeza leva nafasi moja moja akiandika juu na chini. Waya wa C ulikuwa hauteremki popote. Ulikuwa umelika pale unapopita karibu na bomba la moshi. Hakuvunja kitu.

#16 Mama Nasra

#15 hiyo ya shufwa na witiri nimeipenda. Lakini Runx haina mpango huo, kila nafasi ina waya wake.

#17 Mswahili wa Maskati

Kweli kabisa, dada. Nilichotaka kusema ni ule utaratibu wa kukaa na karatasi kabla ya spana.

#18 Mzee Gia

Mnaongea taa za nyuma, mtu ana gia boksi inayopiga kishindo. Nimefungua gia boksi nyingi kuliko mnavyodhani. Kwenye Benz zenye gia boksi ya 722.6, zile zilizoanza 1996, haidroliki inapenya kwenye konekta ya gia boksi, inapanda ndani ya waya kwa kunyonywa hadi kontroboksi ya gia na kuiloweka. Mtu anabadilisha kila kitu na ugonjwa uko palepale. Chomoa konekta, uangalie kama kuna mafuta.

#19 Spana ya Kumi

#18 hiyo ya 722.6 ni kweli tupu, na watu wengi wameumia nayo. Ila pale konekta inaingia ndani ya gia boksi, imezungukwa na haidroliki. Swichi ya Runx imekaa nje. Labda sili ya shafti ya leva iwe inavuja hapohapo. Haina ubaya kuangalia.

#20 Ngosha wa Nyakato

Majibu kutoka uwanjani.

1. Rivasi ya kulia imekatika. Mwalimu na Spana, hongereni.
2. Konekta ya swichi ya nyutro: kavu, haina mafuta, pini mbili zina kijani kidogo.
3. Nimechomoa hiyo konekta kabisa, nikawasha ufunguo, nikakanyaga breki. R imewaka kwenye dashibodi! Swichi haipo kwenye mzunguko na R inawaka.

#21 Kijana wa Buguruni

Uwiiii. Fundi wa gia boksi aitwe aje asome #20 namba 3.

#22 Umeme Mdogo

Ngosha, umefanya kipimo bora kuliko vyote kwenye uzi huu na hakijakugharimu kitu. Sasa fungua taa za nyuma. Chukua multimita, weka volti, ncha moja kwenye ethi ya soketi ya glopu, nyingine kwenye hasi ya betri (vuta waya mrefu) au kwenye bodi palipokwanguliwa rangi. Mwenzako akanyage breki. Ethi nzima itasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti kadhaa, umempata.

#23 Fundi wa Testa

Naongeza hapo. Multimita peke yake hudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 12 safi kwa sababu multimita haivuti umeme wa maana. Ukiweka mzigo, zinaanguka. Pima mzigo ukiwa unavuta, au tumia testa ya glopu.

#24 Spana ya Kumi

#23 sahihi, lakini kwa wanaosoma: testa ya glopu isiguse waya unaoingia kontroboksi ikiwa imeungwa. Inavuta umeme mwingi kuliko saketi zile zinavyostahimili. Kwenye ethi ya taa na waya wa kulisha swichi, sawa. Kwingine tumia multimita.

#25 Fundi wa Testa

Nimepokea. Mimi nilimaanisha upande wa nguvu.

#26 Mdau wa Kirinyaga Road

Mimi bado niko kwa #6. Sawa, R inatoka nyuma, hiyo nimekubali. Lakini taa ya nyuma inazuiaje stata kwa P? Umeme wa stata hauendi nyuma. Hiyo ni swichi au kebo. Ngosha, siku ikikataa kwa P, shikilia ufunguo kwa stata na usukume leva mbele kama unaizidisha P. Ikidaka, umeelewa.

#27 Mama Nasra

Naungana na #26. Kijani kwenye pini mbili si kidogo.

#28 Panya Buku wa Morogoro

Jina langu liwe ushuhuda. Kwangu walikuwa panya. Walikula gamba la waya juu ya gia boksi, waya mbili zikawa zinagusana injini ikitikisika, zikitulia hazigusani. Nililala chini ya gari na tochi, nikafungua ile bomba ya plastiki inayofunika waya, nikazikuta. Hii ya "mara nyingi inafanya, mara chache haifanyi" inanikumbusha sana. Ethi iliyooza ingefanya kila mara.

#29 Umeme Mdogo

#28 si lazima. Kutu kwenye ethi inabadilika na joto, unyevu na mtikisiko wa buti ikifungwa. Ila waya juu ya gia boksi aziangalie, sipingi. Waya zile zinapigwa na joto miaka yote, gamba linakauka na kupasuka.

#30 Ngosha wa Nyakato

Nimefungua taa za nyuma. Ya kushoto, soketi imeungua kidogo, kibati cha ethi kina kutu. Nimepima kama #22: breki ikikanyagwa inasoma volti karibu 5 pale panapotakiwa sifuri. Nimekwangua, nimevuta waya mpya wa ethi hadi kwenye bodi, nimeweka glopu ya kulia. Sasa inasoma karibu na sifuri na R haiwaki tena nikikanyaga breki.

Lakini sikilizeni. Nimefuta P0705, nimezunguka mjini, imekaa safi. Jana usiku mvua imenyesha, asubuhi taa ya injini imewaka tena, P0705. Breki haileti R. Na stata imekataa kwenye P, nimesukuma leva kama #26, imedaka.

#31 Mdau wa Kirinyaga Road

Nilisema. Kebo ama swichi.

#32 Mama Nasra

Mvua! Tope la grisi likilowa linapitisha. Fungua hiyo swichi ya mtumba.

#33 Umeme Mdogo

Mvua ni ushahidi wa watu wengi hapa. Kamera yako ya nyuma imechukua umeme wapi? Wengi wanaichoma kwenye waya wa R kwa kukwangua gamba na kuzungushia utepe, buti ikivuja maji yanaingia hapo. Kama hapo jirani kuna waya wa taa za kuegesha, maji yenye chumvi na vumbi yanaziunganisha. Chomoa kamera kabisa, ziba waya, uisubiri mvua nyingine.

#34 Mwalimu wa Fizikia Iringa

Kuna njia ya kuzitenganisha hizi hoja. Mashine yako kama inaonyesha taarifa za swichi gari ikiwa imewashwa, angalia ni nafasi gani mbili zinazowaka pamoja. Zikiwa P na R au R na N, zimepakana ndani ya swichi, kwa hiyo #6 na #5 wana nguvu. Ikiwa ni R na D, hizo hazipakani, kigusio hakiwezi kuzikanyaga zote mbili. Hapo R inatoka nje: kamera, au waya za #28.

#35 Panya Buku wa Morogoro

Hiyo imeenda shule.

#36 Spana ya Kumi

#34 ni kweli kwa kigusio, si kwa tope. Tope lililolowa linaweza kuruka hata kibao kisichopakana. Na Ngosha, mashine nyingi za bei ndogo zinasoma namba ya kosa tu, hazionyeshi swichi. Tumia multimita kwenye waya zinazoingia kontroboksi, uzichomeke kwa nyuma ya konekta bila kutoboa gamba. Ukitoboa gamba unatengeneza kutu ya mwaka kesho.

#37 Dereva wa Noah

Wakuu samahani kuingilia. Noah yangu taa ya rivasi haiwaki kabisa, lakini gari inarudi nyuma vizuri na haina namba ya kosa. Ni hii swichi hii?

#38 Fundi wa Testa

#37 anza na glopu, halafu fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile fyuzi iliyoandikwa GAUGE, ya ampia 10, ndiyo inayolisha upande huo. Ikiwa dashibodi inaonyesha R ukiweka rivasi, swichi inafanya kazi, tatizo liko kati ya hapo na nyuma.

#39 Dereva wa Noah

Dashibodi inaonyesha R. Nashuka kuangalia glopu. Asante.

#40 Mzee Gia

Ngosha, kwa hiyo gia boksi hununui?

#41 Ngosha wa Nyakato

Sinunui mzee wangu. Kamera nimechomoa leo, waya nimeziziba. Multimita nimeazima, namba za waya nitazichukua kwenye konekta ya kontroboksi kama #36. Huku kumekauka tangu juzi na gari haijasoma kosa lolote, kwa hiyo siwezi kumpa yeyote ushindi bado. Swichi sijaifungua, nataka mvua inyeshe kwanza nikiwa nimebadilisha kitu kimoja tu.

#42 Mama Nasra

Ukiifungua upige picha. Nipo tayari kuweka soda kwa tope.

#43 Panya Buku wa Morogoro

Naweka soda yangu kwenye waya juu ya gia boksi.

#44 Mdau wa Kirinyaga Road

Kebo. Na bado hamjamjibu mtu yeyote kuhusu stata.